Okoa Buu

Siku ile niliomba ruhusa ya nusu siku kazini, nikafika nyumbani saa sita na nusu mchana, na sikupita hata jikoni kutazama kama kuna chochote cha kutia tumboni. Nilivua viatu mlangoni, nikaketi mbele ya kompyuta pale sebuleni, nikabonyeza kitufe. Feni ikavuma, taa ya kijani ikawaka. Kisha, badala ya ile orodha ninayoijua, kioo kikabaki cheusi na mistari miwili ya herufi nyeupe. Mstari wa kwanza ulisema kuna kosa, kuna kitu hakitambuliki. Wa pili ulikuwa maneno mawili tu, grub rescue, na mbele yake kijistari kinachopepesa, kama karani anayesubiri nimjibu swali ambalo hajaniuliza.

Nikazima. Nikawasha. Yale yale. Nikachomoa waya ukutani, nikahesabu hadi hamsini, nikachomeka tena. Yale yale, na kijistari kinapepesa bila haraka yoyote.

Mimi si mtu wa kubabaika ovyo. Ni mkunga, mwaka wa ishirini na sita huu, na nimezalisha mapacha umeme umekatika huku nimeng'ata tochi kwa meno. Lakini pale kitini nilikodoa macho tu, sijui nianze na lipi.

Niieleze kwanza kompyuta yenyewe, maana hata wageni hutucheka. Mashine ni moja, mifumo ni miwili. Ukiiwasha inakuuliza unakwenda kwa nani: upande wa mume wangu, uliojaa ramani zake, au upande wangu, ambao fundi aliuweka miaka mitatu iliyopita nilipochoka kusubiri ramani zifunguke ndipo nami nipate kusoma barua. Ukiingia upande mmoja, wa pili unalala. Shemeji yangu alipoiona akasema, "Kumbe hata kwenye kompyuta mnalala vyumba mbalimbali?" Nikamwambia ndiyo, na ndiyo maana ndoa hii ina miaka thelathini.

Mume wangu ni mpima ardhi. Amestaafu, lakini watu hawajastaafu kumgongea mlango na migogoro yao ya viwanja, na wote, wakubwa kwa wadogo, wanamwita Bikoni, kwa yale mawe ya zege aliyoyafukia kwenye kona za viwanja vya watu enzi za kazi. Ni mtu mwema. Ila akiona kitu kimepinda hawezi kulala.

Na upande wangu wa kompyuta kulikuwa na kitabu. Chuo cha wauguzi kiliniomba niandike mwongozo wa wakunga wanafunzi, kwa lugha ya kueleweka, kuchukua nafasi ya ule wa zamani ambao wasichana hukariri kama wimbo, kisha wakifika wodini mikono inatetemeka. Miezi kumi na minne nimeandika, kurasa tisini na nne. Mwisho wa kuupokea ulikuwa siku hiyo, saa kumi jioni. Barua yao ilisema wazi kwamba usipofika, mtambo utachapa tena ule wa zamani kwa miaka mitano mingine. Nakala ya pili nilikuwa nayo kwenye flashi, na flashi niliifua juzi yake ndani ya mfuko wa gauni la kazi, ikatoka safi kabisa na haina kitu.

Hakuna mtu nyumbani aliyejua habari za kitabu hicho. Nilitaka nikipitie mara ya mwisho na kukituma, basi.

Bikoni akatokea chumbani, miwani juu ya kipaji. "Vipi, mbona umewahi?"

"Kompyuta haiwaki."

"Mimi sijaigusa."

"Nani kasema umeigusa?"

"Nasema tu, mama watoto. Mtu haruhusiwi kusema?"

Akainama, akasoma kioo. Neno la pili alilijua, ni kuokoa. La kwanza likamshinda. Basi akaenda kabatini akatoa kamusi yake ya tangu shule, iliyopoteza jalada na herufi A yote, akalamba kidole, akafunua.

"Wanasema ni buu."

"Buu?"

"Buu. Mtoto wa nzi. Yule mdudu mweupe wa kwenye uozo."

"Kwa hiyo inasema nini?"

Akaweka miwani sawasawa. "Okoa buu."

Tulitazamana. Nakwambieni kweli, mimi niliyesoma elimu ya vijidudu na kufaulu, nilikaa pale nikajiuliza ni buu gani huyo, na aokolewe kwa sababu gani, na kwa nini mimi. Bikoni akasema labda kompyuta imeingia wadudu, si wanasema kompyuta huingia wadudu? Nikamwambia wanasema virusi. Akanijibu kwamba virusi na mabuu ni ukoo mmoja. Akaleta bisibisi, akafungua ubavu wa mashine, tukamulika tochi ndani, vichwa vimegongana, tunatafuta mabuu. Tulikuta vumbi, ganda la karanga, na pini yangu ya nywele ambayo sijui ilifikaje humo.

"Hamna buu," nikasema.

"Huenda wameshaokolewa," akasema Bikoni, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikatamani kumpiga na kamusi.

Ikabidi nimpigie fundi. Fundi wetu ni mwanamke wa makamo, mfupi, hodari, anayefahamika kwa jina la Fundi Pole, kwa sababu umweleze lolote, jibu la kwanza ni pole. Simu nyumbani kwetu hushika vizuri kwenye dirisha la jikoni peke yake, na kompyuta haitoki sebuleni. Kwa hiyo mimi nikasimama dirishani na simu, Bikoni akaketi kwenye kibodi, na maneno yakawa yanapita mlangoni kwa kelele.

"Pole mama," akasema fundi. Alikuwa juu ya ngazi, anafunga kamera kwenye ghala la watu, nasikia nyundo na mwangwi. "Inasema nini?"

"Inasema okoa buu."

Ngazi nzima nadhani ilitikisika kwa kicheko. "Mama, hilo ni jina tu! Hakuna mdudu. Huyo ni bawabu. Ukiwasha mashine, yeye ndiye anayeamka wa kwanza. Anakwenda upande wako, ndiko daftari lake linakokaa, anasoma, ndipo anakuuliza unakwenda kwa nani. Sasa leo ameamka, amekwenda pale pale alipozoea, daftari halioni. Amesimama mlangoni anaomba msaada."

"Na upande wa baba watoto mbona nao hauwaki?"

"Bawabu si mmoja? Akipotea, wote mmefungiwa nje."

Hapo nilielewa kidogo, na kile kidogo nilichoelewa kikanizidishia wasiwasi. Kama daftari la bawabu liko kwangu na halionekani, basi na kilicho jirani na daftari je?

"Niulizie," akasema fundi, "kuna mtu amegusa mgawanyo wa diski? Kukata, kupunguza, kuongeza?"

Nikapaza sauti kuelekea sebuleni. Jibu likaja kabla swali halijaisha. "Hakuna!"

"Hakuna," nikamwambia fundi.

"Ajabu. Haya, upande wako kuna kitu cha maana? Kwa sababu kama hamna, nikija jioni nafuta naweka upya, nusu saa tu."

"Kwake hamna kitu!" Bikoni akajibu kutoka sebuleni, maana spika nilikuwa nimeiwasha, ingawa kule ilimfikia nusu nusu. "Weka upya tu!"

Nilishika ukingo wa sinki. Ningeweza kusema uongo, ningeweza kusema kuna picha za harusi. Sababu ya kuficha naijua mimi. Zamani, watoto wakiwa wadogo, niliandika makala ya gazeti juu ya akina mama wanaojifungulia njiani. Nilimpa mume wangu asome, kwa furaha tu, kama mtu anavyoonyesha nguo mpya. Alinirudishia kesho yake, kila mstari una alama: hapa koma, hapa umerudia, hapa mantiki imekatika. Hakuwa na ubaya, ndivyo anavyosoma kila kitu, hata risiti. Lakini makala ile sikuipeleka popote, na kwa miaka ishirini sikuandika chochote zaidi ya ripoti za wodi.

"Mama? Upo?"

"Nipo."

"Mkunga mzima nikukumbushe mimi? Mficha uchi hazai. Nikijua kilichomo nitajua pa kuanzia."

"Kuna kitabu," nikasema. "Nimeandika kitabu. Kinatakiwa chuoni leo saa kumi, na nakala nyingine sina."

Sebuleni ikatoka sauti, ndogo kuliko kawaida: "Kitabu gani?"

"Kitabu!"

"Cha nani?"

"Changu! Kaa kwenye kibodi, usiniulize maswali."

Fundi akasema pole, akashuka ngazi, nikasikia kishindo cha miguu yake sakafuni. Sasa alikuwa ameacha utani. Akaniambia nimwambie baba aandike herufi mbili, l na s, kisha agonge kitufe kikubwa. Itatoka orodha ya vyumba vyote vya diski, kila kimoja ndani ya mabano yake na namba yake. "Kwenye daftari langu niliandika siku niliyoifunga," akasema. "Chumba namba moja ni cha baba. Namba tano ni cha kwako, na daftari la bawabu limo humo. Namba sita ni stoo ya mashine yenyewe, hakina kitu cha mtu. Asome anaona namba zipi."

Nikapaza sauti. Bikoni akachukua muda. Nikasikia kiti kikilia.

"Moja," akasoma. "Tano. Sita."

"Moja, tano, sita," nikarudia simuni.

"Vizuri sana! Vyumba vyote vipo. Sasa achungulie namba tano."

Fundi akanipa maneno, nikayapitisha mlangoni: mabano fungua, namba, mabano funga, mkwaju, kile kistari cha mshazari. "Mkwaju upi?" akauliza Bikoni. "Uliolalia kulia!" Akaandika. Nikasubiri. Saa ya ukutani pale jikoni ilisema saa nane kasorobo.

"Inasema haikitambui," akasema Bikoni.

"Haikitambui," nikasema.

Nyundo kule kwake ziliendelea kugonga. Fundi alisema tu, "Pole mama," na pole ile haikuwa ya mazoea. Akaniuliza kama nina hakika hakuna aliyegusa. Nikauliza tena. "Hakuna," akajibu mume wangu, taratibu.

"Basi sijui nikwambie nini. Chumba kipo, lakini ndani ni kama kimefutwa. Haitambui hata sakafu yake. Labda diski inakufa. Ningekuwa hapo ningejaribu, lakini leo, kwa saa mbili hizi... Waombe chuo wakuongezee siku."

"Hawaongezi."

"Pole mama."

Nilikata simu nikabaki nimesimama. Niliumia, naomba niseme hivyo hivyo. Niliwaona wasichana wangu wa mwaka ujao wakikariri tena kile kitabu cha zamani, na nikajiona mimi nikistaafu na yote ninayoyajua yamebaki kwenye vidole. Na katikati ya maumivu kulikuwa na kitu kimoja kinachonikera akilini na sikijui ni nini. Diski haikuwa mgonjwa jana. Jana asubuhi nilikuwa humo ndani nafuta neno moja na kuweka jingine. Kitu kinakufaje usiku mmoja bila homa?

Nikaenda sebuleni. Bikoni alikuwa amekaa vilevile, mikono mapajani, hanitazami. Nikachukua miwani yangu ya kusomea nikainamia kioo.

Sisi wakunga tunahesabu. Kabla ya kumshona mama unahesabu vitambaa, baada ya kumshona unahesabu vitambaa, na hesabu isipolingana hakuna anayetoka chumbani. Sikuwa nikitafuta chochote, nilihesabu kwa mazoea tu, kidole juu ya kioo. Mabano ya kwanza hayakuwa na namba ya chumba, ni diski nzima. Yaliyofuata yalikuwa na namba, nikahesabu ni mangapi. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Nikahesabu tena kutoka upande wa pili. Vyumba vinne.

"Baba watoto."

"Naam."

"Umesoma moja, tano, sita."

"Ndiyo."

"Hii saba ni ya nani?"

Njia ya mwongo ni fupi, na ya kwake ilikuwa fupi kiasi cha kutoka jikoni hadi sebuleni. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena.

"Nilikata kidogo," akasema.

"Kidogo kiasi gani?"

"Nusu."

Nikatafuta kiti nikakaa. Akaniambia yote, kwa haraka, kama mtu anayetua mzigo. Ramani zake za kazi mpya zilikuwa kubwa, zilizopigwa kutoka angani, zikakosa nafasi. Jana mchana, mimi nikiwa zamu, alipakua programu ya kugawa diski. Ikamchorea diski yote kama kiwanja kirefu, kila chumba na rangi yake, na mpaka unavutika kwa kidole. Ni kazi yake hiyo, kuvuta mipaka! Akasogeza mpaka wangu, akapata kipande katikati, akakipa jina, Ramani Mpya, akaambiwa azime na kuwasha. Akawasha. Akakutana na buu, akaizima na kunyamaza.

"Na namba?" nikamuuliza. "Hukufikiria namba?"

"Ofisini kwetu kipande kipya kinapewa namba mpya, ya mwisho. Vya zamani havibadilishwi namba, watu wana hati! Hawa wanahesabu kwa kufuata mstari. Nimekata mbele yako, kwa hiyo mimi nimekuwa tano, wewe umesukumwa ukawa sita. Nimejua sasa hivi uliponiambia nichungulie." Akakinyooshea kioo kidole. "Nani kawafundisha kazi hawa?"

"Kwa nini hukumwambia fundi?"

"Ulisema kitabu." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kabla ya hapo ilikuwa mchezo. Uliposema kitabu nikaogopa. Nikasema labda itajitengeneza yenyewe."

"Na kwa nini ukate kwangu? Si ungeniuliza?"

"Niliingia nikatazama kwanza! Sikukata gizani. Nilifungua kila mahali, hamna kitu, picha nne na barua ya benki. Nikaona eneo halijaendelezwa."

"Halijaendelezwa!"

Sitayarudia niliyoyasema baada ya hapo. Jirani wa ukuta wa pili alizima redio yake asikilize vizuri. Nilisema mpaka nikakosa pumzi, na Bikoni alinywea kitini, hakujitetea, na ule ukimya wake ukanichanganya zaidi kuliko uongo, maana sikumzoea akiwa hana la kusahihisha. Kisha nikatazama saa, nikaona hasira nayo inakula muda wangu, nikarudi dirishani.

"Fundi, vyumba ni vinne. Baba watoto amekata. Mimi nimekuwa sita."

Safari hii alisema, "Pole baba," na akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema nisikate simu.

Mabano fungua, sita, mabano funga, mkwaju. Sasa mimi nilikuwa napaza sauti na Bikoni anarudia kila herufi kabla ya kuigusa. Likatoka rundo la majina. Fundi akataka asomewe yote, bila kuruka hata moja, na akalikazia hilo neno bila. Bikoni akasoma yote. Fundi akapiga makofi. "Ni mwenyewe! Mama, hajafa mtu. Amehama chumba tu."

Ikabaki kumwambia bawabu. Mistari minne. Wa kwanza ulimpa chumba cha kuanzia, wa pili ukamwonyesha daftari liliko, wa tatu na wa nne sikuelewa na sijaelewa hadi leo. Mstari wa pili ulikataliwa mara mbili kwa sababu mimi nilisikia b, fundi kasema d, na Bikoni akaandika p. Nilikuwa kama naelea hewani. Kuna wakati nilijikuta naiambia simu "mkwaju" na sijui nimeambiwa na nani niseme. Mstari wa nne ukapita, kioo kikazimika, nikasikia Bikoni anasema "Ee Mungu wangu," kisha orodha ikatokea, ile ile tuliyoizoea, ikiuliza tunakwenda kwa nani.

"Twende kwako," akasema Bikoni, na akaondoka kitini mwenyewe.

Fundi akaniambia kuna amri mbili za kumwandikia bawabu ili akumbuke namba mpya siku zote, lakini zinaweza kusubiri, kazi kwanza, na tusizime mashine. Nilimshukuru. Saa tisa na dakika ishirini nilikuwa ndani ya upande wangu, na Bikoni amesimama nyuma yangu.

"Kiko wapi?" akauliza. "Si unaona? Hamna kitu."

Kweli hapakuwa na kitu. Picha nne na barua ya benki. Fundi aliwahi kunifundisha kwamba kwenye upande huu folda ikianza jina kwa nukta inatoweka, na ukitaka kuiona unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja. Nikabonyeza. Folda ikajitokeza pale pale ilipokuwa siku zote.

Bikoni akaitazama. "Ulikificha."

"Ndiyo."

"Watu wasikione?"

"Wewe."

Nilikuwa nimeandaa ya kusema, yakapotea. Nilikificha vizuri kiasi kwamba mtu aliingia chumbani mwangu, akatazama kila kona, akaona hakuna anayeishi humo. Sijui kosa la nani lilikuwa kubwa. Nilikuwa bado na hasira naye na wakati huo huo nilimwonea haya, na vitu hivyo viwili sikujua vinawezaje kukaa kifuani pamoja.

"Nisome?" akauliza.

"Hakuna muda."

"Nisome ukiwa unapitia. Kwa nyuma tu."

Sikusema ndiyo. Nilifungua sura ya mtoto mchanga, ambayo nilitaka kuiangalia mara ya mwisho, nikaanza kuteremka. Nilisikia pumzi zake shingoni. Kila sentensi iliyopita nilisubiri aseme hapa imepinda. Ukurasa ukapita, wa pili ukapita.

"Rudi," akasema.

"Baba watoto, sina muda wa koma zako."

"Si koma. Rudi juu kidogo. Hapo." Kidole chake kikagusa kioo. "Mtoto akizaliwa asilie, mkimkausha na kumsugua mgongo bado halii, mnasubiri dakika kumi ndipo mumsaidie kupumua?"

"Kumi nani kasema? Dakika moja! Mtoto hawezi kukaa..."

Nikatazama. *Aanze kusaidiwa kupumua ndani ya dakika 10.*

Ukurasa ule nilikuwa nimeusoma labda mara ishirini. Miaka ishirini na sita nimekuwa nikisema dakika moja, na kila nilipofika pale jicho lilisoma moja, kwa sababu ndivyo ninavyojua. Nilimwona msichana peke yake kwenye zahanati ndogo, hakuna wa kumuuliza, mtoto wa bluu mezani na kitabu wazi kando, anatazama saa kwa utiifu, anasubiri kwa sababu Sista, ndiye mimi, ameandika asubiri.

Nikaifuta ile sufuri.

Saa tisa na dakika thelathini na nne. Kurasa tisini na nne, zina matone, zina vipimo vya dawa, zina joto na dakika na mapigo ya moyo. Sikujua nilie, nimshukuru, au nimkumbushe kuwa bado ana kesi ya kujibu. Nikavuta kiti cha pili kwa mguu.

"Kaa," nikamwambia. "Soma namba. Namba tu, maneno usiguse."

Akakaa. Akavaa miwani, akaanza ukurasa wa kwanza, midomo ikicheza bila sauti. Ukurasa wa sabini na moja, kwenye dawa ya kuzuia damu, akanyoosha kidole tena, nami nikafuta sufuri nyingine. Kitabu kiliondoka saa kumi kasoro dakika mbili.